Dabo ilisema nini? Jibu kwa msomaji wa Moshi na shemeji yake

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Moshi anayecheza briji (karata za watu wanne, wawili dhidi ya wawili, ambapo kila pea hunadi idadi ya triki itakazokula) na shemeji yake, mdogo wa mume wake. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Jumamosi tulikuwa Arusha, nyumbani kwa mwenzetu Njiro, tukicheza timu nne kwa nne. Katika mgao mmoja wapinzani walikuwa hatarini (yaani zawadi na adhabu zao zilikuwa kubwa zaidi), sisi hatukuwa. Shemeji alifungua kopa 1, mpinzani wa kulia kwangu akaingilia kwa pau 2. Mimi nilishika shupaza J 6, kopa 10 4, uru A J 9 5, pau K J 10 8 3. Nikapiga dabo (dau la kuongeza malipo ya mkataba), maana marehemu baba mkwe ndiye aliyenifundisha, na kwake dabo ilikuwa adhabu tu. Mpinzani wa kushoto akamuuliza shemeji dabo yangu ina maana gani. Akajibu, 'Ana shupaza nne.' Nilishtuka, nikanyamaza. Shemeji akaita shupaza 2, nikaita 2 bila turufu, akaruka hadi shupaza 4. Wakatupiga dabo, tukaanguka triki tatu. Yeye alikuwa na shupaza A Q 8 4, kopa K Q 9 6 3, uru K 7 2, pau 5. Njia nzima ya kurudi anasema kosa ni langu. Na mapema siku hiyohiyo alishanilaumu kwa kopa 4 nilizopandisha tukiwa hatarini, zikaanguka kwa triki moja kwa sababu mfalme wa shupaza na mfalme wa uru wote walikaa pabaya. Mmoja tu angekaa pazuri tungefaulu. Meza ya pili waliishia kopa 3. Mume wangu amekataa kuwa hakimu kati ya mkewe na mdogo wake. Naomba uwe wewe."

Marahaba, dada yangu. Pole kwa safari hiyo. Na umefanya vizuri kuandika karata za pande zote mbili, kwa sababu wengi huniletea karata zao tu na maneno ya mwenzao.

Nianze na kopa 4, maana jibu lake ni fupi. Ulihitaji mfalme mmoja kati ya wawili akae upande unaokufaa. Kila mfalme ana nafasi nusu kwa nusu, kwa hiyo nafasi ya wote wawili kukaa pabaya ni robo. Mkataba wako ulikuwa na nafasi 75 katika 100. Sasa tazama hesabu ya timu. Mkiwa hatarini, kopa 4 zikifaulu mnapata 620, na walioshika karata zilezile meza ya pili wakisimama kopa 3 huku wakila triki kumi wanapata 170. Tofauti ni 450, nayo ni IMP 10 (IMP ni alama za timu zinazotokana na tofauti ya meza mbili). Zikianguka kwa triki moja mnatoa 100, wao wanachukua 140, tofauti 240, nayo ni IMP 6. Unaweka 6 ili upate 10, kwa hiyo gemu (mkataba wenye zawadi kubwa) ya namna hiyo inastahili kuitwa hata nafasi yake ikiwa 38 tu katika 100. Wewe ulikuwa na karibu mara mbili ya hiyo. Ulipandisha sawasawa, na ukipata karata zilezile Jumamosi ijayo, pandisha tena. Shemeji yako ni mtu wa hesabu, bila shaka. Mwombe aikague hii mwenyewe.

Nimeliweka hilo mbele kwa sababu linaonyesha namna ninavyoamua. Nikiletewa mgao, kitu cha kwanza nafunika matokeo. Sitaki kujua kama mkataba ulifaulu au ulianguka mpaka niwe nimejibu maswali mawili: wakati anaita dau lile, mchezaji alijua nini? Na yeye na mwenzake walikuwa wamepatana nini? Karata zikishafunuliwa mezani kila mtu anaona pa kupita. Anayehukumiwa aliona karata 13 tu na akasikia maneno machache ya mnada. Mkianza kulaumiana kwa matokeo, pea yenu itajifunza mambo ya uongo: mtaacha madau mazuri yaliyopata bahati mbaya na mtashikilia mabovu yaliyookolewa na bahati.

Tuje kwenye dabo, maana hapo ndipo penye mambo.

Baba mkwe wako hakukufundisha uongo. Kwa miaka mingi, mwenzako akifungua na mpinzani akaingilia kwa aina yake, dabo ya anayejibu ilikuwa adhabu: "wamekosea, tuwaangushe." Mwaka 1957 Mmarekani Alvin Roth, aliyekuwa akicheza na Tobias Stone, akapendekeza dabo hiyohiyo iwe ya kuomba: "nina pointi (nguvu ya ree na karata za picha) za kutosha, nina aina ambazo hazijaitwa, hasa ile kubwa iliyobaki, lakini sina dau la kawaida la kuzieleza." Wakaibandika jina la Sputnik, kwa sababu ni mwaka uleule Warusi walirusha setilaiti yao ya kwanza. Walioipinga mwanzoni walikuwa wengi. Leo pea nyingi sana duniani hucheza hivyo, na anayejifunzia briji kwenye intaneti, kama ulivyosema shemeji yako alivyojifunza, huikuta kama jambo la kawaida kabisa, hata asijue kwamba iliwahi kuwa vingine.

Kwa nini ilishinda? Kwa sababu ya hesabu ya mara ngapi. Mpinzani akiingilia kwa pau 2, ni mara chache utakuta umeshika pau tano nzito nyuma yake kama ulivyoshika Jumamosi. Mara nyingi zaidi utakuta una pointi nane au tisa, shupaza nne, uru nne, na huna la kusema. Ukiita shupaza 2 unaahidi tano na unasukuma juu. Ukipasi, aina yenu ya nne kwa nne inapotea. Dabo ya kuomba inatatua tatizo linalokuja kila wiki kwa gharama ya lile linalokuja mara moja moja. Na uzuri wake mkubwa ni kwamba hata lile la mara moja moja halipotei, kama nitakavyoeleza chini.

Kwa hiyo mezani Njiro palikuwa na watu wawili wa nyumba moja wenye dabo mbili tofauti: mkwe akicheza ya baba, mtoto akicheza ya intaneti. Hamkuwa mmepatana. Hilo ndilo kosa la kwanza, na ni lenu wote kwa kipimo sawa. Hakuna dabo "sahihi" inayoanguka kutoka mbinguni. Dabo ina maana mliyoipa nyinyi wawili. Shemeji yako akisema "kila mtu anajua dabo hiyo ni ya kuomba," mjibu kwa upole kwamba mtu aliyekaa mbele yake hakujua, na ndiye pekee aliyehitajika kujua.

Lakini kutopatana hakumalizi hukumu. Ukijua kwamba jambo halijajadiliwa, kuna namna ya kuchagua dau, na hapa nitakushika kidogo, dada yangu. Jiulize: kati ya madau niliyonayo, lipi mwenzangu hawezi kulielewa vibaya? Na lile linaloweza kueleweka vibaya, likieleweka hivyo litatugharimu kiasi gani? Ulikuwa na njia tatu. Dabo: ikieleweka ni adhabu, mnavuna sana; ikieleweka ni maombi, mwenzako ataruka kwenye shupaza ambazo huna, na huna pa kukimbilia. 2 bila turufu: una pointi 10, una kizuizi kizito cha pau, na dau hilo kwa baba mkwe na kwa intaneti lina maana ileile, yaani nakaribisha gemu na pau nimezikamata. Pasi: mbaya kabisa itakayotokea ni kwamba mnada unaishia pau 2 bila dabo, wapinzani wanaanguka triki mbili au tatu, na mnapata 200 au 300 badala ya 500 au 800. Hiyo ni hasara, lakini si balaa. Ulichagua ile yenye faida kubwa zaidi na hatari kubwa zaidi, bila kujua kama mwenzako yuko nawe. Ningekuwa mahali pako, kwa pea isiyojadili dabo, ningeita 2 bila turufu.

Sasa maelezo ya shemeji. Mpinzani ana haki kamili ya kuuliza, na anayejibu anatakiwa aseme mlichopatana, si anachodhani. Jibu la kweli lilikuwa, "Hatujajadili." Yeye alisema, "Ana shupaza nne," kama vile kuna mkataba. Ni kosa la kawaida na sidhani alikuwa na nia mbaya, lakini lina madhara mawili. Kwanza linampa mpinzani habari isiyo sahihi. Pili, linakuamsha wewe. Umesema ulishtuka. Hapo sheria ina neno zito: Sheria ya 16 ya briji ya mashindano inakuzuia kutumia habari uliyoipata kwa mwenzako nje ya madau yenyewe, na Sheria ya 73 inakutaka ujitahidi kwa makini usinufaike nayo. Masikio yako yalisikia. Mnada wako unatakiwa uendelee kana kwamba hayakusikia.

Je, ulivunja sheria ulipoita 2 bila turufu? Tuvae kofia ya hakimu. Tuseme hukusikia kitu. Umepiga dabo ya adhabu, na mwenzako ameiondoa kwa shupaza 2. Ungemwelewaje? Ungesema: ana kopa tano na zaidi, shupaza nne au zaidi, pau hana au anayo moja, na hapendi kulinda pau 2. Wewe una shupaza mbili, kopa mbili, pointi 10, pau zimejaa. Dau la kawaida ni 2 bila turufu. Kwa hiyo ulichoita ndicho ungeita hata ungekuwa umeziba masikio, na mimi ningeacha dau lako lisimame. Ila ujue kipimo kilikuwa hicho. Kama ungekuwa na sura nyingine ya karata, na 2 bila turufu ikawa ni mbio tu za kukimbia shupaza baada ya kusikia maelezo, ningewaamulia wapinzani. Kitu kimoja zaidi: mnada ulipokwisha na mkataba ukawa wenu, ulitakiwa kuwaambia wapinzani, kabla karata ya kwanza haijachezwa, kwamba hamjapatana maana ya dabo hiyo. Sheria ya 20 inataka hivyo kwa upande unaocheza mkataba. Hata nyumbani kwa mtu, na chai mezani, lifanyeni.

Tufike shupaza 4. Hapa, kwa heshima zote, shemeji yako hana pa kujificha.

Tuingie kichwani mwake na kukubali kila alichoamini. Anaamini una shupaza nne. Ameita shupaza 2. Wewe, mwenye shupaza nne, umesikia kwamba naye anazo nne, yaani aina yenu imepatikana, nane kati yenu. Sasa utaita nini ukiwa na pointi 10? Utaita shupaza 3 kumkaribisha, au utapasi ukiona ni kidogo. Ukiwa na nguvu utaita shupaza 4 mwenyewe. Ni mkono gani wenye shupaza nne ungeiacha turufu mliyoipata na kuita 2 bila turufu? Nimekaa nao nikautafuta, siupati. Dau lako lilikuwa linasema wazi: "Shupaza sina." Lilikuwa pia linasema: "Pau ninazo," kwa sababu hakuna anayeita bila turufu dhidi ya pau zilizoitwa bila kuzikamata. Na yeye ameshika pau moja! Zilikuwa wapi zile nyingine? Mpinzani ana tano au sita, wewe una lundo. Picha yote ya mgao ilikuwa imelala mbele yake.

Kutoelewana kwingi kwenye mnada huwa na hatua kama hiyo. Dau la kwanza linapotea njiani, halafu linakuja dau la pili lisilokubaliana na tafsiri ya kwanza. Mchezaji mzuri husimama hapo na kujiuliza, "Dau hili linawezekanaje kama nilichodhani ni kweli?" Jibu likiwa haliwezekani, basi alichodhani si kweli. Shemeji yako alilazimisha dau la pili liingie kwenye tafsiri ya kwanza. Alikuwa na 3 bila turufu, mkataba ambao kwa pointi zenu 24 na pau zako unachezeka vizuri. Alikuwa na uru 3, kukuchorea sura yake ya 4-5-3-1 na kukuachia uamuzi. Hata pasi haikuwa aibu. Shupaza 4 ndilo dau pekee lililohitaji kwamba wewe uwe umeita upuuzi.

Na ona pia kilichojificha humo: shupaza 4 ni dau la mtu anayecheza peke yake. Katika briji nusu ya karata zako ziko mikononi mwa mwenzako, na njia ya kuziona ni kuamini maneno yake ya karibuni kuliko kumbukumbu yako ya maneno ya zamani.

Hukumu yangu basi. Kutopatana ni kwenu wote. Dabo bila makubaliano ni yako, ni kosa la hesabu ya hatari, na mngeweza kulivuka. Maelezo ya kujiamini ni ya shemeji. Kuruka hadi shupaza 4 ni kwa shemeji peke yake, na ndiko kulikogeuza usumbufu kuwa 500 kwa wapinzani. Kama mume wako anataka neno moja la kupeleka mezani: mdogo wake ana sehemu kubwa zaidi.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua ambayo nimeikata, kama uache dabo ya baba mkwe. Nashauri uiache, na uiache bila kinyongo, kwa sababu mlichokifanya nayo mtakifanya bado kwa njia nyingine. Ngoja tucheze mgao uleule kwa dabo ya kuomba.

Shemeji anafungua kopa 1, mpinzani anaingilia pau 2. Wewe na pau zako tano unapasi. Mpinzani wa kushoto, mwenye pointi tatu na pau moja, anapasi. Zamu inarudi kwa shemeji. Ana pau moja tu mkononi. Mwenzake amepasi. Wapinzani nao hawajainuana. Pau ziko wapi? Anakisia kwamba huenda wewe ndiye umezificha, ukashindwa kupiga dabo kwa sababu dabo yenu ina kazi nyingine. Kwa hiyo anapiga dabo yeye, ya kuomba, na wewe unapasi kwa raha. Mko palepale ulipotaka kuwa: pau 2 kwa dabo, wapinzani wako hatarini, wamekalia mbele ya pau zako, na wanalipa 500 au 800. Ukilinganisha na 500 mlizotoa, mgao mmoja umegeuka kwa pointi 1,000 au zaidi, ambazo kwa timu ni IMP 14 au 16.

Njia hii ina masharti mawili, na yote yanavunjwa kila wiki.

La kwanza ni kwamba pasi yako iwe ya kawaida. Ukitazama pau zako, ukavuta pumzi, ukazitazama tena, halafu ukapasi kwa uzito, umeshamwambia shemeji kila kitu, na akipiga dabo baada ya hapo wapinzani wana haki ya kulalamika. Pasi hiyo itoke kwa mwendo uleule unaopasi nao ukiwa na pointi mbili. Hili linahitaji mazoezi kuliko dau lolote. Njia rahisi ni kuamua kabla: mwenzako akishafungua, jiulize utafanya nini mpinzani akiingilia kwa kila aina, ili jibu liwe tayari zamu ikifika.

La pili ni kwamba anayefungua akubali wajibu wake. Akiwa mfupi kwenye aina ya wapinzani, yaani hana au anayo moja au mbili, asiuache mnada ufe hata kama pointi zake ni 12 tu. Wengi wanaona pointi ni chache, wanapasi, halafu wanalalamika kwamba dabo ya adhabu ilikuwa bora. Dabo ya kuomba bila kufufua mnada ni nusu ya mfumo, na nusu hiyo ni mbovu kuliko ya baba mkwe.

Kuhusu kupatana: mna barabara ya kilomita 80 hivi kati ya Moshi na Arusha, na mnasafiri gari moja. Itumieni wakati wa kwenda. Kutoka mjini hadi Boma Ng'ombe mnaweza kumaliza dabo. Kutoka hapo hadi Usa River mkamaliza madau gani yanalazimisha mwenzako aendelee na yapi anaweza kupasi. Wakati wa kurudi mtu amechoka, ameumia, na anatafuta wa kumtupia. Hapo andikeni namba ya mgao tu, muufungue siku nyingine. Na mliyopatana yaandikeni, karatasi moja kila mmoja, kwa maneno yaleyale. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mambo ya kuandika kuhusu dabo hayazidi nusu ukurasa. Andikeni dabo ya kuomba inafika hadi ngazi gani; kwa kuanzia nawashauri hadi shupaza 2, halafu mkizoea mpandishe hadi shupaza 3. Andikeni kwamba pau 1, wakiingilia kopa 1, dabo ni shupaza nne kamili na shupaza 1 ni tano. Mpinzani akiingilia kwa 1 bila turufu, dabo ni adhabu. Mwenzako akiwa ameshafungua kwa dau la kuzuia la ngazi ya 3, dabo ni adhabu. Mkishapata aina yenu na wapinzani wakapanda juu yenu kwenye ngazi ya 4 au 5, adhabu. Halafu iwepo sentensi moja ya kuokoa, ya dabo ambayo hamkuiwaza kabisa. Mimi nawapa wanafunzi wangu hii: chini ya ngazi ya 3, kama wapinzani wameita aina ya kweli na sisi hatujapata yetu, ni ya kuomba, vinginevyo ni adhabu. Haitakuwa sahihi kila mara. Lakini mtakuwa mmekosea pamoja, na kukosea pamoja hugharimu kidogo sana kuliko mmoja kwenda Himo na mwingine Namanga.

Nikiongeza jambo moja lililo jirani: mkiwa humo garini, semeni pia kuhusu 4 bila turufu. Easley Blackwood alilibuni swali lake la kuulizia ree mwaka 1933, na pea nyingi hudhani kila 4 bila turufu ni hilo. Mwenzako akifungua 1 bila turufu nawe ukaruka moja kwa moja hadi 4 bila turufu, kwa wengi hilo ni kukaribisha slamu (mkataba wa triki 12 au 13) kwa pointi, haliulizi ree. Ni dabo yenu nyingine inayosubiri siku yake.

Nimalizie na mikono mitatu ya shemeji yako kujipima, kwa kuwa wajibu mkubwa wa mfumo mpya uko kwake. Kila mara amefungua kopa 1, kushoto kwake wameingilia pau 2, wewe umepasi, kulia wamepasi.

Shupaza K J 4, kopa A Q 8 6 3, uru Q 10 7 2, pau 6. Pointi 12 tu. Apige dabo bila kuwaza mara mbili. Ana pau moja, na anaweza kuvumilia aina yoyote utakayochagua.

Shupaza 5, kopa K Q J 10 7 4, uru K J 8 6 2, pau 3. Ni mfupi wa pau, lakini huu ni mkono wa kucheza, hauna ulinzi. Ukipasi dabo yake ukitegemea atasaidia kuwaangusha, atakuangusha wewe. Aite uru 2.

Shupaza K 4, kopa A Q 8 6 3, uru Q 7, pau K 9 6 2. Pointi 14, zaidi ya mikono yote miwili ya juu, na bado apasi. Yeye mwenyewe ana pau nne, mpinzani ana tano au zaidi, kwa hiyo wewe huwezi kuwa umeficha lundo. Ulipasi kwa sababu huna kitu, na pau 2 ni pazuri pa kuwaacha.